Aliyeweka Programu Asimame Ndani

Ninyi mliobaki kwenye chumba cha mashine mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau nywila zangu zote, na mmenionya kwamba hamtaki hotuba. Vizuri. Sitawaambia nilipandishwa cheo mara ngapi wala mshahara wangu wa kwanza ulikuwa kiasi gani. Ulikuwa mdogo, na mengine hayawahusu. Nitaandika jinsi tulivyokuwa tukiweka programu kwenye mashine zetu za Linux, kwa nini tulibishana juu ya jambo hilo miaka nenda miaka rudi, na kwa nini mnalazimishwa kwenda kusimama kwenye banda la maua kila mnapobadilisha kitu. Najua mnalinung'unikia sana jambo hilo. Nimewasikia kwenye foleni ya chai.

Mimi ni mtoto wa Bondeni, Nakuru. Babu yangu alitoka pwani akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, akapenda baridi ya huku, akabaki. Nilisomea kompyuta kwenye chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la viatu, kisha nikaajiriwa na shamba la waridi kando ya Ziwa Naivasha. Siku ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha na mimi nilikuwa nimevaa viatu nilivyovaa kwenye harusi ya dada yangu. Nyuma yangu kwenye foleni ya getini alisimama msichana mwingine mgeni aliyeitwa Selina, aliyekuja kuvuna maua. Akaniangalia miguu, akacheka mpaka akakosa pumzi. Nilidhani ni kicheko tu, kumbe ana pumu tangu utotoni. Alipovuta dawa yake na kutulia, akanipa jozi ya gumbuti za ziada, viatu virefu vya mpira, alizokuwa amebeba.

"Ofisi haina matope," akaniambia, "lakini njia ya kufika ofisi iko nayo mingi."

Tumekuwa marafiki tangu asubuhi ile. Gumbuti sikuzirudisha.

Chumba cha mashine kilikuwa cha Mzee Ndirangu, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa sweta hata jua lilipowaka. Alikuwa na bisibisi moja iliyofungwa utepe mweusi kwenye mpini, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza kama huwa nakula nyama choma kule Kikopey, kando ya barabara kuu.

"Nakula."

"Ukifika pale unafanya nini kwanza?"

"Nachagua nyama ikiwa bado imening'inia. Naona ikikatwa, inapimwa, inawekwa kwa moto."

"Na soseji ya supamaketi?"

"Hiyo nasoma tu pakiti."

"Basi hii kazi tayari unaijua," akasema, akanisogezea kiti.

Alichomaanisha ni hiki. Programu yoyote huanza kama maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma, na mashine haiwezi kuyatumia mpaka yageuzwe kuwa lugha yake. Unaweza kuchukua maandishi hayo na kuyageuza mwenyewe kwenye mashine yako. Au unaweza kuchukua programu iliyokwisha kugeuzwa na watu wengine mbali huko, imefungwa tayari, unaamuru mara moja na imeingia. Kule kwetu njia ya kwanza tuliiita kupika na ya pili tuliiita ya pakiti, kama maziwa. Mzee Ndirangu alipika kila kitu.

Kupika siku hizo kulitaka subira. Mtandao ulipita kwenye laini ya simu, na mtu wa kupakia maua akiinua mkono wa simu, kazi ya asubuhi nzima ilikatika. Ukishapata maandishi, kwanza mashine ilijikagua kuona ina vifaa gani, halafu tuliandika amri ya kupika, make, na mistari ikaanza kupanda kwenye skrini polepole. Tulikwenda kibandani kunywa chai na mandazi, tukarudi, tukakuta kosa mwishoni kabisa: faili fulani haipo. Mimi nilikuwa tayari kulia. Mzee alifurahi.

"Imekuambia ukweli ikiwa bado jikoni," alisema. "Ya pakiti hukuambia ukishameza."

Na hakupika kwa ajili ya kujifurahisha. Shamba letu lina vumbi lake, maji yake na watu wake, na programu za wageni hazikujua hayo. Mzee alifungua maandishi, akabadilisha mstari hapa na pale, akapika upya. Alijua kila alichokibadilisha, na tatizo lilikuwa hapo hapo, kwamba alijua yeye. Kukigunduliwa tundu la usalama kwenye programu fulani, mashamba ya jirani yaliyotumia pakiti yalipata kiraka siku hiyo hiyo. Sisi tulibaki kusali. Nilimwuliza mara nyingi, "Mzee, siku ukienda tutafanya aje?" Alinijibu kila mara, "Sijaenda." Kisha goti lake likamshinda, akastaafu, akarudi Subukia kwenye kahawa na ng'ombe wake.

Akaja Mutai. Mkitarajia nimchore Mutai kama mjinga aliyeharibu kazi ya mzee, mtangoja sana. Alikuwa kijana wa Eldoret, shati limepigwa pasi hadi mikono, sauti ya chini. Wiki yake ya kwanza alikaa kwenye mashine inayoendesha mabanda, halafu akaniita.

"Madam Zuhura, hii programu haijawahi kuwekwa kiraka hata kimoja. Na iko kwa mtandao. Mtu akiwa na nia mbaya anaweza kutufungulia madirisha ya mabanda yote akiwa kwake amelala. Unajua?"

Nilijua. Mchicha ukioza hauwi mtamu kwa sababu uliupanda mwenyewe. Hata hivyo nilimjibu kwa ukali, maana yeye alikuwa mgeni na mimi nilikuwa nimeinama juu ya sufuria ile miaka mingi. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe nilikubali, si kwa kushindwa, bali kwa sababu alikuwa sahihi.

Sasa wale ambao hawajawahi kutoka kwenye viti vyao lazima waelewe programu hiyo inafanya nini. Inamwagilia maji, inafungua na kufunga madirisha ya juu ya mabanda, na inawasha vyungu vya salfa. Waridi hupata ugonjwa wa ubwiri unga, majani yanakuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga wa ugali. Dawa yake ni vyungu vidogo vya umeme vinavyoning'inia kati ya mistari ya maua. Vinachemsha salfa mpaka mvuke wake unajaa banda lote. Madirisha hufungwa kwanza ili mvuke usitoroke. Kazi hiyo hufanywa watu wakiwa wameenda nyumbani, na asubuhi madirisha hufunguliwa kabla mtu yeyote hajaingia. Mtu mwenye mapafu mazima akikutwa ndani atakohoa na kulia machozi. Mwenye pumu anaweza kufa.

Kila supavaiza aliweka saa za banda lake kwenye visanduku viwili: namba ya saa, na nusu ya siku. Vyungu vya salfa viliwekwa saa 1, nusu ya pili. Saa moja ya usiku. Ilikuwa hivyo tangu nifike shambani.

Siku ya mabadiliko ilikuwa ndani ya msimu wa wapendanao, wakati ambapo Ulaya nzima hukumbuka kupendana kwa pamoja na sisi hatulali. Wavunaji walikula kwa zamu ili kazi isisimame. Mutai alingoja maji ya asubuhi yamalizike, akaondoa programu ya Mzee ili zisigongane, akaweka ya pakiti. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Programu mpya ikasoma mipangilio yetu yote bila kulalamika. Joto lilionekana, unyevu ulionekana, feni zilizunguka. Mutai akavuta pumzi, nami nikampa mkono.

Kabla ya chakula cha mchana nilimpigia Mzee Ndirangu. Niliona ni heri asikie kwangu.

"Habari ya Subukia, Mzee?"

"Ng'ombe wamekula, mimi bado. Sema."

"Leo tumetoa programu yako. Tumeweka ya pakiti."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Imekubali zile settings zangu?"

"Zote. Haijalalamika hata kidogo."

"Zuhura, ilifaa ilalamike. Mlibadilisha masaa?"

"Masaa gani?"

"Programu yao inaanza kuhesabu siku usiku wa manane. Nusu ya pili kwao inaanza adhuhuri. Saa moja ya nusu ya pili, kwao ni saa saba mchana. Mimi ndio niliifunza saa yetu. Supavaiza walikuwa wanaweka saa ya Kiswahili na maji yanamwagika usiku. Nikaona, nibadilishe watu wote hawa, ama nibadilishe mstari mmoja? Saa hii ni ngapi?"

Nilitazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulikuwa umebakiza kidogo sana kufika juu.

Mtauliza ni vipi watu wazima, wenye vyeti, hawakuona. Ninyi wenyewe mnaongea na simu kwa Kiingereza na kusema seven, kisha mnamgeukia mama mboga na kumwambia mtakuja saa moja, na mkono wa saa ni ule ule. Tunageuza kichwani bila kufikiri, na kwa kuwa hatufikiri, hakuna aliyefikiri. Tuliposoma saa 1, nusu ya pili, sote tuliona giza limeingia na watu wako nyumbani. Pakiti ya watu wa mbali iliona jua la utosi.

Nilipiga kelele, na sioni haya kusema hivyo. "Mutai! Simamisha! Salfa inawaka saa saba, saa saba hii!"

Hakuuliza swali. Alisimamisha programu pale pale. Lakini mshale ulikuwa umeshafika, na kwenye skrini kila banda lilikuwa limeandikwa kwamba madirisha yamefungwa na vyungu vimewaka. Hapo ndipo nilipotambua kosa letu. Programu ikisimamishwa haizimi kitu. Inaacha kila swichi pale ilipoiweka. Tulikuwa tumemnyamazisha yule pekee ambaye angeweza kuvizima vyungu kutoka ofisini, na kumwamsha tena kungewasha salfa upya.

"Wako wapi watu?" Mutai aliuliza.

"Lanchi. Wote isipokuwa banda la saba. Wanamalizia waridi nyekundu."

"Piga simu!"

"Simu haziingii bandani. Ziko kwa stoo na mifuko yao."

Na humo stoo, ndani ya kiondo cha Selina, ndimo ilimokuwa inhela yake, ile dawa ya pumu ya kuvuta. Selina alikuwa banda la saba.

Mutai alitoka mbio. Nje aliikuta baiskeli ya askari wa geti, akaipanda bila kuomba, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anakanyaga pedali akiwa amesimama wima, shati lake la pasi limejaa upepo. Mimi nilikimbilia stoo ya mifuko. Viondo vilining'inia ukutani, vyote ni kama vimefumwa na mkono mmoja, nikavipekua kimoja kimoja mpaka nikakiona cha Selina, chenye utepe wa kijani. Sikutafuta dawa ndani yake. Nilikibeba chote, nikakimbia nacho kwenye tope na gumbuti zangu, na nilikuwa nikisema kwa sauti, Ya Rabi, asiwe mwisho wa banda, asiwe mwisho wa banda.

Nilipofika, wanawake walikuwa wanatoka mlangoni wamejifunika midomo kwa vitambaa, wanakohoa, wengine wameketi chini. Ndani kulikuwa na ukungu wa manjano. Mutai alikuwa amekwisha kuvuta swichi kubwa ya banda, na supavaiza wao, Wekesa, alikuwa anazungusha mkono wa chuma kufungua madirisha ya juu, machozi yakimtiririka.

"Wote wametoka?" Mutai alimwuliza.

Wekesa akawahesabu kwa macho. "Selina. Alikuwa huko mwisho, mstari wa mwisho."

Mutai alivua shati, akalizamisha kwenye ndoo ya waridi zilizokatwa, akalifunga usoni, akaingia.

Sijui alikaa ndani muda gani. Kuna wanawake walianza kumwita Selina kwa pamoja, wakilia. Mimi sikuweza kuita. Niliitoa inhela kiondoni, nikaishika kwa mikono miwili, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, hata siku mwanangu Hamisi alipoanguka kisimani na kutolewa mzima. Kisha kwenye ukungu tukaona mgongo wa Mutai, anarudi kinyumenyume, anamburuta kwa makwapa.

Midomo ya Selina ilikuwa na rangi ya jivu. Nikapiga magoti, nikamwekea inhela mdomoni, nikabonyeza. Dawa ilitoka nje kwa pembeni, hakuvuta. Nikabonyeza tena. "Selina, vuta! Vuta, dada!" Mara ya tatu kifua kikanyanyuka kidogo, ikatoka sauti nyembamba kama ya filimbi iliyoziba. Sijasikia muziki mzuri zaidi ya ule. Tukamweka kwenye pikapu ya shamba, Wekesa akaondoka naye kuelekea hospitali mjini Naivasha.

Kazi haikuishia pale, na hili nawaandikia ninyi vijana kwa makusudi. Swichi za mabanda mengine zilivutwa kwa mkono, na sasa yote yalikuwa hayana wa kuyaendesha, na usiku wa Naivasha una baridi ya kuua maua machanga. Nilirudi kwenye kiti nikaanza kupika programu ya Mzee upya. Ikakataa. Pakiti ilikuwa imekuja na maktaba zake mpya, yaani faili ambazo programu huzitegemea, na maandishi ya zamani hayakuzitambua. Nilimweka Mzee kwenye spika, ng'ombe wakilia nyuma yake, tukarekebisha kosa moja, likaja jingine. Mutai aliketi kando yangu amevaa koti la vumbi la kuazima, macho mekundu, anashika kichwa. Jua lilipoanza kulala juu ya milima ya Mau, make ilifika mwisho bila kosa.

"Nionyeshe huo mstari," Mutai akasema.

Nikamwonyesha. Ni mstari mfupi tu, unaongeza sita kwenye saa.

Mzee Ndirangu alikuja kesho yake kutoka Subukia na dumu la maziwa kwa ajili ya Selina, na wale wawili wakagombana mbele yangu hadi vioo vikatetemeka. Mutai alimwambia mtu hafichi kitu kama kile ndani ya programu bila kuandika popote. Mzee akamjibu kwamba mtu haingii jikoni kwa mwenzake akamwaga sufuria bila kuonja. Wote walikuwa sahihi. Niliwaacha wakachoka. Kisha tukaketi sote watatu tukafanya kile ambacho ninyi leo mnakiona ni cha kawaida: tulichukua maandishi mapya yenye viraka, tukatia mstari wa Mzee, tukapika wenyewe, halafu tukayafunga kwenye pakiti yetu yenye jina letu, tukaiwekea kufuli ili ya watu wa mbali isije ikachukua nafasi yake. Na tukaifundisha ilalamike. Isipoambiwa inatumia saa gani, inakataa kuwaka.

Lakini kanuni ya kusimama bandani haikutoka kwetu. Selina alikaa hospitalini mpaka mapafu yalipotulia, na aliporudi meneja alimpa kazi ya kupanga maua kwenye maboksi, mbali na mabanda. Akakataa. Alisema hajui kufunga maboksi, anajua kuvuna. Siku hiyo hiyo aliingia ofisini kwetu, mara ya kwanza tangu tuajiriwe, akasimama mbele ya meza ya Mutai. Mutai aliinuka, akaanza kuomba msamaha kwa Kiingereza, akahamia Kiswahili, akakwama.

"Hiyo nimesikia," Selina akamwambia. "Mimi nataka kuuliza kitu moja tu. Siku nyingine ukibadilisha hiyo maneno yako, wewe utakuwa wapi?"

Mutai alitazama kiti chake. Kisha akatazama nje dirishani.

"Ndani," akasema. "Ndani ya banda, na nyinyi."

Alitimiza. Kila mabadiliko, saa ikifika, alisimama kati ya mistari ya waridi na shati lake la pasi, mikono nyuma, anatazama vyungu. Alipohamia kazi nyingine, zamu ikawa yangu. Kwa hiyo msiniulize tena kama haitoshi kutazama skrini. Skrini ile ile ilituonyesha kila kitu kiko sawa.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliweka toleo jipya la pakiti yetu. Nilikuwa nimelijaribu kila namna ninayoijua, na mlicheka nilipovaa gumbuti. Saa saba ikikaribia nikaingia banda la saba. Selina alikuwa kwenye mstari wake, mkasi mkononi. Hakunisalimu. Alishusha maua na mkasi, akaja akasimama kando yangu, tukatazama madirisha ya juu pamoja. Mshale ukapita juu. Madirisha hayakusogea. Tulingoja zaidi kuliko ilivyohitajika, kisha akanyoosha mkono akagusa chungu kilichokuwa karibu, akakishika kwa kiganja kizima.

"Baridi," akasema.

Hapo ndipo alipoutoa mkono wake mwingine kwenye mfuko wa aproni, nikaona umeshika inhela.